Gobori Lililoitwa Mwali

Watu wengi wasikiapo neno utamaduni hukumbuka ngoma, mavazi, vyakula, hadithi na methali. Hawakosei, ila hawajamaliza. Utamaduni wa taifa ni pamoja na vitu vilivyotoka kwa wengine, tukavipokea, tukavipa majina yetu, navyo vikatubadili kabla hatujatambua kuwa tumebadilika. Kimojawapo ni bunduki kuukuu ya kijeshi. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za bunduki moja tu, gobori lililokuwa mali ya ukoo wetu huko Urambo, mkoani Tabora: jinsi tulivyolipenda, jinsi tulivyolichunguza, na jinsi lilivyotuadhibu. Tunamwomba mwalimu na mwanafunzi watuvumilie, maana habari yenyewe haitusifu.

Yafaa kwanza tueleze maana. Gobori ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Baruti hutiwa kwanza, kisha risasi, na vyote husukumwa hadi chini kwa ufito wa chuma uitwao mdeki. Yalikuwako ya namna mbili. Ya kwanza ni ya gumegume, ambayo jiwe hugonga chuma likatoa cheche. Ya pili ni ya fataki, ambayo nyundo hupiga kikofia kidogo chenye dawa ya kulipuka, na moto ukapenya tundu hadi kwenye baruti. La kwetu lilikuwa la fataki.

Mwaka 1979 sisi tulikuwa mtoto wa miaka kumi. Gobori lilikaa darini mwa nyumba ya babu, limefungwa katika ngozi ya mbuzi, nalo lilikuwa na jina. Waliliita kwa Kinyamwezi neno ambalo kwa Kiswahili ni sawa na Mwali. Tulipouliza sababu tuliambiwa kwamba mwali hufichwa ndani na kutolewa siku maalumu, na gobori nalo ni hivyo hivyo. Jibu hilo lilitutosha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Siku zake maalumu zilikuwa chache. Lilipigwa alipozikwa mzee wa ukoo, na lilipigwa nguruwe-mwitu walipovamia mihogo. Siku ya namna hiyo babu hakuruhusu maneno mengi. Alipima baruti kwa kifuniko cha ncha ya pembe, akaimimina, akashindilia kitambaa, kisha risasi, kisha kitambaa tena. Juu ya mdeki palikuwa na alama mbili zilizokatwa kwa tupa. Mdeki ulipofika chini katika mtutu mtupu, alama ya kwanza ililingana na mdomo. Baruti na risasi vilipokaa sawasawa, ya pili ndiyo iliyolingana. Babu hakuweka fataki kabla hajaiona alama ile ya pili kwa macho yake na kuigusa kwa kidole gumba. Alipofyatua, ulitoka mshindo uliotikisa vifua vyetu, na moshi mweupe mzito wenye harufu ya kiberiti ukafunika uwanja.

Lakini kazi aliyoithamini zaidi ilifuata baadaye. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na masizi yake huvuta unyevu wa hewani. Yakiachwa mtutuni usiku kucha, chuma huanza kula kutu. Kwa hiyo, hata kama ni usiku, babu alichemsha maji akayamimina mtutuni mara tatu au nne, nayo yakatoka meusi kama wino, kisha yakawa ya kijivu, kisha meupe. Halafu alikausha, akapaka mafuta ya mnyama kwa kitambaa kilichofungwa katika ncha ya mdeki. Kwa nje alipangusa tu. Tulipomwuliza kwa nini haing'arishi shaba yake, alijibu, "Mwali huoshwa ndani kwanza, mjukuu wangu."

Babu alifariki dunia mwaka 1983. Kibali chake cha kumiliki silaha kilikoma pamoja naye, na gobori likabaki darini kwa baba mkubwa bila mtu yeyote kwenda kituoni kutoa taarifa. Sisi tulimaliza shule ya sekondari, tukaajiriwa serikalini, tukajifunza kanuni na nyaraka. Tulijua vema kwamba silaha isiyo na kibali ni kosa. Tulinyamaza. Katika nafsi yetu tulijidanganya kwamba kitu cha kale si silaha tena.

Mwaka 1996, tukiwa likizoni, tuliliteremsha gobori tukalichunguza mchana kutwa. Kitako kilikuwa cha mninga, kazi ya fundi wa kwetu, kwa maana kile cha asili kilikwisha kuliwa na mchwa. Mtutu ulikuwa mrefu zaidi ya mita moja, na tundu lake lilipata karibu milimita 18. Juu ya bamba la mtambo, chini ya uchafu wa miaka mingi, zilionekana herufi. Tuliweka karatasi juu yake tukasugua kwa penseli, na maneno yakajitokeza: "Mre Rle de St Etienne." Tulirudi kazini Dar es Salaam na karatasi ile, tukamwonyesha ndugu mmoja aliyejua Kifaransa. Akatueleza kwamba maana yake ni Kiwanda cha Kifalme cha Saint-Étienne. Saint-Étienne ni mji wa Ufaransa uliojulikana tangu zamani kwa makaa ya mawe, chuma na silaha.

Hapo ndipo tulipoonja utamu wa uchunguzi. Neno moja, "kifalme", lilitosha kutuambia mengi. Ufaransa ilimwondoa mfalme wake wa mwisho mwaka 1848, basi bamba lile halikuweza kuchorwa baada ya hapo. Umbo la mtambo lilikuwa la bunduki ya askari wa miguu ya mwaka 1822, iliyotungwa kwa gumegume. Matundu mawili yaliyozibwa yalionyesha mahali palipokaa sehemu za gumegume kabla hazijaondolewa na kuwekwa nyundo ya fataki, mageuzi waliyoyafanya Wafaransa kuanzia miaka ya 1840. Kumbe Mwali alikuwa askari wa mfalme wa Ufaransa kabla hajawa wetu!

Alifikaje Urambo? Jibu limo katika historia ya silaha zenyewe. Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliwashinda Waaustria katika vita vifupi, na sababu mojawapo ilikuwa bunduki zao zilizojazwa kwa nyuma, ambazo askari aliweza kuzijaza akiwa amelala chini. Mataifa yote ya Ulaya yakashtuka. Mwaka huo huo Ufaransa ilichagua bunduki mpya ya Chassepot, na Uingereza ikaanza kuzigeuza za kwake kwa mtindo wa Snider. Magobori ya kijeshi, malaki kwa malaki, yakawa mzigo ghalani. Miaka ishirini baadaye zilipokuja bunduki za kufyatua mfululizo na baruti isiyo na moshi, hata zile zilizokuwa mpya zikawa kuukuu. Kilichotupwa na jeshi kilinunuliwa na mfanyabiashara kwa bei ya chini, kikapakiwa melini, kikashushwa Unguja. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilipita kila mwaka kwenda bara. Toka pwani zilibebwa na misafara hadi Tabora na ng'ambo yake.

Huko zilikuta nchi yenye njaa ya silaha. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga wenye mikuki na magobori. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipozingirwa na Wajerumani Januari 1893, alijilipua kwa baruti ya ghala lake katika boma la Tabora. Kwa watawala kama hao gobori halikuwa pambo. Lilikuwa ushuru, ulinzi, na sauti ya mamlaka.

Wakubwa wa Ulaya nao walijua thamani ya tofauti kati ya silaha mpya na kuukuu. Katika mkataba waliotia sahihi Brussels mwaka 1890, walikataza bunduki bora zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, lakini wakaacha mlango kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani mwenyeji angeweza kupata silaha, mradi isiweze kumshinda aliyemwuzia. Hata Mwafrika aliyewatumikia hakupewa iliyo bora. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika nchi yetu bado zilikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye kutoa moshi uliomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Ni baada ya kuteka silaha za Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, ndipo baadhi yao walipopata za kisasa.

Ng'ambo wako watu wanaokusanya bunduki kuukuu za kijeshi kama wengine wanavyokusanya stempu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ziliuzwa kwa wingi: Lee-Enfield za Waingereza, Mauser za Wajerumani, Mosin-Nagant za Warusi zilizopakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Mkusanyaji husoma mihuri, hulinganisha namba za sehemu mbalimbali ili ajue kama bunduki ni ile ile iliyotoka kiwandani, kisha huenda nayo uwanjani kulenga shabaha. Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale. Lakini wakusanyaji walio makini wana mwiko mmoja: bunduki kuukuu haipigwi kabla fundi hajachungulia ndani ya mtutu. Wenye hadhari zaidi huifunga katika kitu kizito na kuifyatua mara ya kwanza kwa kamba, wao wakiwa mbali.

Sisi tuliiga mapenzi yao bila mwiko wao. Kila tulipokwenda likizo tulimng'arisha Mwali kwa majivu na ndimu hadi shaba ikameta. Tulitembelea vijiji jirani na daftari mkononi, tukiandika urefu wa magobori, mihuri yake na hadithi za wenyewe. Tuliwaambia vijana wa ukoo kwamba kitu kile ni hazina, na kwamba babu wa babu yetu alitunukiwa na Mirambo mwenyewe kwa ushujaa wake vitani. Hadithi hiyo tuliipenda sana. Tulipata hata kuitungia shairi, likasomwa katika sherehe ya wilaya, watu wakapiga makofi. Baba mkubwa alipotaka mara moja kulipeleka gobori kituoni, ni sisi tuliomkataza. Tulimwambia kwamba asiyejua thamani ya mali yake humpa mgeni.

Mwaka 2011, wakati wa mahindi machanga, nguruwe-mwitu waliingia shambani. Mpwa wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyetusikia mara nyingi tukimsifu Mwali, alimteremsha darini. Baruti aliipata kwa mwindaji. Alishindilia kama alivyosikia kwamba wazee walishindilia, lakini alama za mdeki hakuzijua, kwa maana sisi hatukumwonyesha. Risasi ilikwama njiani, mbali na baruti. Nao mtutu, ambao tangu babu afariki haukuonja maji ya moto wala mafuta, ulikuwa umeliwa na kutu kwa ndani kama gogo lililoliwa na mchwa. Alipofyatua, ulipasuka. Kijana alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na jicho moja liliponea chupuchupu.

Tulisafiri usiku ule ule. Tulipofika hospitali alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, aliketi kando ya kitanda. Tulimwamkia, akaitika, akanyamaza kitambo. Kisha akasema polepole, "Baba, hiyo bunduki imetaka malipo tena."

Tulimwuliza ana maana gani. Akatutoa nje, tukakaa chini ya mwembe, akatusimulia jambo ambalo yeye alilipata kwa bibi yake. Gobori halikuwa tunu ya Mirambo. Babu wa babu yetu alikuwa rugaruga kweli. Katika vita mojawapo mgawo wake ulikuwa msichana aliyetekwa, ambaye hata hajamaliza siku zake za unyago. Msafara wa pwani ulipopita, alimtoa msichana yule, akapewa bunduki pamoja na kikopo cha baruti. Wanawake wa nyumba ile, waliokuwa wamekwisha kumzoea mtoto, waliita bunduki Mwali ili jambo lile lisisahauliwe. Wanaume waliokuja baadaye waliendelea na jina wakaacha sababu.

"Na jina lake yeye, Shangazi?" tuliuliza.

"Jina hatukuachiwa, baba. Tumeachiwa la bunduki."

Hatukuwa na neno. Zilitujia akilini siku zote zile za majivu na ndimu. Tulijua mwaka na kiwanda kilichomtengeneza Mwali, tulijua mfalme aliyemiliki kiwanda kile, lakini hatukujua bei iliyolipwa nyumbani kwetu. Tuliwalaumu Wazungu kwa kutuuzia makapi yao, na lawama hiyo ni ya haki. Ila hatukuuliza nini kilitolewa upande wa pili wa mizani, na nani alikitoa. Nje palimeta, ndani pamejaa kutu. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu kifo kilipita mlangoni, kikachukua vidole viwili kikaenda zake.

Hata hivyo hatutaki kujifanya kwamba tulitubu siku ile ile. Gobori lililopasuka lilirudi darini likakaa huko miaka mingine kumi na moja, nasi tukiona haya kulipeleka na kuulizwa tulikuwa wapi siku zote. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza msamaha kwa wenye kusalimisha silaha kwa hiari, mpwa wetu, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alikuja kwetu akasema, "Mjomba, twende." Usiku wa kuamkia siku hiyo tulipima kila sehemu, tukachora mtambo, tukanakili mihuri, tukaandika habari yote kama shangazi alivyoisimulia, na mpwa akatia sahihi yake kwa mkono wa kulia. Asubuhi tukachemsha maji. Tulimwosha Mwali ndani kwa mara ya mwisho, pale mtutu ulipopasuka, hadi maji yakatoka meupe.

Kituoni tuliyakuta magobori mengine yamelazwa sakafuni, mengi yakiwa ya kienyeji, yaliyofuliwa kwa mabomba ya maji na vyuma vya magari. Afisa aliyekuwa zamu alitupokea kwa heshima, akaandika: "Gobori moja, bovu." Tulitamani kumwambia aongeze maneno, lakini daftari lake halikuwa na nafasi ya maneno mengine. Nafasi ipo katika madaftari yetu.

Kwa sababu hiyo tunayo machache ya kuwaambia walimu na wanafunzi. Katika nyumba nyingi za nchi hii kuna kitu cha kale: jembe, kiti, pingu, sarafu, kengele ya msafara. Mwanafunzi aulize kimetoka wapi, na asiridhike na jibu la kwanza, hasa likiwa linausifu ukoo wake. Awaulize wanaume, kisha awaulize wanawake. Aandike siku, mahali na jina la msimulizi. Na ikiwa kitu hicho ni silaha, asikiguse. Amwambie mkubwa wake akipeleke panapostahili, kama sheria inavyotaka. Urithi ni habari pamoja na chuma. Chuma kikiondoka, habari yaweza kubaki. Habari ikipotea, hubaki chuma kisicho na faida kwa mtu ila kumdhuru.

Shairi lile la kumsifu shujaa tumelichana. Mahali pake tumeandika ubeti mmoja tu, nao tunauacha hapa:

Chuma kilichofuliwa, ng'ambo kwa vita vya watu,
Na binti akatolewa, kikawa ni mali yetu,
Kizazi kikaachiwa, kikala vidole vyetu,
Leo kinasimuliwa, kisije kurudi kwetu.

Mpwa wetu ameubandika ubeti huo ukutani, karibu na mchoro wa mtambo. Binti yake mkubwa, anayesoma darasa la tatu, alituuliza juzi msichana wa katika hadithi aliitwa nani. Tulimjibu kwamba hatujui. Akafikiri kidogo, akasema basi tuendelee kuuliza.